Kitabu Kizito na Kitabu Chepesi

 

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, mapishi na matumizi ya fedha za nyumbani. Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya vitabu. Sina nia ya kukusifia kitabu kimoja ukakinunue. Nataka tutazame jinsi mama mwenye mume, watoto na shughuli zake anavyoweza kupanga usomaji wake, ili usimlemee na wala usimpumbaze.

Ukiwatazama wanawake wanaopenda kusoma utaona makundi mawili. Wako wanaoamini kwamba mama aliyeokoka hapaswi kushika kitabu chochote ila cha mafundisho mazito. Mama wa namna hii hununua kitabu kinene kwenye semina, akakianza kwa bidii, na kufika ukurasa wa 15 usingizi ukamchukua. Kesho yake anarudia ukurasa uleule. Baada ya wiki mbili kitabu kinapanda juu ya kabati kuota vumbi. Mwaka mzima hasomi kingine, kwa sababu dhamiri inamwambia amalize kwanza kile.

Wengine wanasoma kila siku, lakini ni hadithi za mapenzi tu. Siku hizi hadithi hizo zinafika ndani ya simu, sehemu ya kwanza, ya pili, hadi ya sitini, na kila sehemu inakatwa mahali pa moto ili ulipie inayofuata. Mama huyu anajua kusoma na anasoma sana, lakini ukimwuliza mwaka huu umejifunza nini, hana la kujibu.

Wa kwanza anakufa njaa huku amekaa mbele ya gunia la mahindi. Wa pili amejaza tumbo kwa ubuyu. Wote wawili wanahitaji mlo kamili.

UZITO SI UNENE

Kwanza tuelewane maana ya kitabu kizito. Wengi wetu tunapima kwa kurasa. Kipimo hicho si sahihi.

Chukua Barua Ndefu Kama Hii, kitabu cha Mariama Bâ wa Senegal, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na baadaye kikafasiriwa kwa Kiswahili. Ni kitabu kidogo. Mjane anamwandikia barua rafiki yake, anaeleza jinsi mumewe alivyomwoa rafiki wa binti yao, na jinsi yeye alivyobaki na watoto. Mwandishi na mjane wake ni Waislamu, lakini mama yeyote aliyeolewa atakutana humo na maswali ya nyumba yake mwenyewe. Unaweza kukimaliza kwa siku mbili na kukibeba moyoni kwa miaka miwili. Hicho ni kizito.

Vivyo hivyo Nagona cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1990, ni chembamba kabisa, lakini hata wasomi wa chuo kikuu hukirudia mara mbili tatu. Shamba la Wanyama cha George Orwell kinaonekana ni hadithi ya nguruwe na farasi ya kusomea watoto. Ukikaa nacho utaona kinazungumza juu ya watawala na jinsi madaraka yanavyowageuza watu.

Upande mwingine kuna vitabu vyepesi vilivyoandikwa kwa akili nyingi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alianza kutupa visa vya mpelelezi wake Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Ukikishika hukiachi, unataka kujua nani muuaji. Kiswahili chake kinakuburudisha, na ukimaliza unalala usingizi mzuri. Hekaya za Abunuwasi nazo zimewachekesha wazee wetu na zinawachekesha wajukuu.

Kwa hiyo kitabu kizito ni kile kinachokudai. Kinakutaka usimame, ufikiri, urudi nyuma, pengine utubu. Chepesi ni kile kinachokubeba. Mtu mzima anahitaji kudaiwa, na pia anahitaji kubebwa.

Hata Biblia yenyewe Mungu aliipanga hivyo. Kitabu cha Ayubu kina sura 42 za maswali magumu. Waraka kwa Warumi una sura 16 zilizowatoa jasho wataalamu wa dini. Lakini humohumo kuna Ruthu, sura 4 tu, kisa cha mkwe na mkwewe ambacho mama anaweza kukisoma akingojea maharage yaive. Kuna Yona, sura 4 pia. Kuna Zaburi ya 119 yenye aya 176, na kuna ya 117 yenye aya 2. Anayesoma Biblia akitaka mazito peke yake, au mepesi peke yake, ataacha sehemu kubwa bila kuifungua.

JE, NISOME VITABU VIWILI KWA WAKATI MMOJA?

Hapa wengine watanikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi. Lakini mama ndiye mtu wa mwisho kuogopa vyungu viwili. Asubuhi unabandika maharage, unajua yatachukua saa mbili au tatu. Huyasimamii. Unachochea moto, unaongeza maji, na kwenye jiko la pili unachemsha chai ya watoto. Maharage yanataka muda na chai inataka dakika chache, na vyote viwili vinafika mezani.

Kitabu kizito ni maharage. Kinaiva polepole, na ukikilazimisha kinabaki kigumu. Kitabu chepesi ni chai. Mama anayesema hataonja chai mpaka maharage yaive, mara nyingi ataishia kuzima majiko yote mawili.

MAHARI YA VITABU VIWILI

Ninyi mlioolewa mtakipenda kisa hiki. John Bunyan, Mwingereza aliyeandika Safari ya Msafiri, alioa akiwa kijana fundi wa masufuria. Yeye na mkewe walikuwa maskini mno, na mwenyewe alisimulia kwamba hawakuwa hata na sahani au kijiko. Bibi arusi alikuja na vitabu viwili tu alivyoachiwa na baba yake alipokufa. Kimoja, cha Lewis Bayly, kilikuwa kitabu cha kumwongoza Mkristo jinsi ya kuomba na kuishi kitauwa, chenye maelezo mengi. Cha pili, cha Arthur Dent, kiliandikwa kama mazungumzo ya watu wanne wanaobishana juu ya njia ya kwenda mbinguni.

Tazama alichobeba binti yule. Kimoja cha kukaa nacho na kufundishwa, kingine chenye watu wanaoongea, wanaopingana, kama unasikiliza jirani barazani. Bunyan aliandika kwamba nyakati nyingine walivisoma pamoja, na kwamba vilianza kuamsha ndani yake hamu ya mambo ya Mungu. Jina la mke huyo hakuliandika, lakini majina ya vitabu vyake aliyaandika. Miaka ilipopita Bunyan alifungwa gerezani kwa ajili ya kuhubiri, na mwaka 1678 akatoa kitabu chake kikubwa. Nacho ni safari yenye mabonde, majitu na majumba, hadithi ambayo mtoto anaifuata kwa furaha na mzee anaifikiri kwa machozi. Fundi wa masufuria alikuwa amejifunza kuweka mazito ndani ya mepesi.

MAMA SUSANNA JIKONI

Kisa cha pili ni cha Susanna Wesley, aliyezaliwa mwaka 1669 na kufariki mwaka 1742. Alikuwa mke wa mchungaji katika kijiji cha Epworth, Uingereza. Alizaa watoto 19, na 10 tu ndio waliokua. Aliwafundisha mwenyewe nyumbani, na alikuwa mwanamke aliyezoea vitabu vigumu vya dini kuliko wanaume wengi wa wakati wake.

Majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712 mumewe alikuwa London kwa mambo ya kanisa. Binti yao Emilia alikuta katika chumba cha baba kitabu cha habari za wamisionari waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Tranquebar, kusini mwa India, ambako walifika mwaka 1706. Hakikuwa kitabu cha hoja nzito za dini. Kilisimulia vijana waliosafiri mbali, walivyoishi na watu wa huko na walivyohangaika.

Mama huyu aliyesoma vizito miaka yote aliguswa na masimulizi hayo kiasi kwamba alimwandikia mumewe kuwa hakuweza kufikiri jambo jingine. Alijiambia kwamba, ingawa yeye si mwanamume wala si mhubiri, anaweza kufanya zaidi ya anayofanya. Akaanza na watoto wake. Kila jioni alitenga muda wa kuzungumza na mmoja wao peke yake juu ya roho yake. Zamu ya John, aliyekuwa na miaka 8, ilikuwa Alhamisi. Siku za Jumapili alikuwa akiwasomea watu wa nyumbani, majirani wakaanza kuomba kuingia, mpaka wakafika zaidi ya 200.

John alipokuwa mtu mzima, msomi wa Oxford, alimwandikia mama yake akiitamani ile Alhamisi. Na tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi wa Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Hicho ni kizito kwelikweli. Hapo ndipo John Wesley alipopata hakika ya wokovu wake, na kazi yake baada ya jioni ile ndiyo iliyozaa Wamethodisti wa leo.

Mama aliamshwa na masimulizi ya safari, mwana akaamshwa na maelezo ya Warumi. Ninawaomba mlikumbuke hilo siku mtakapotaka kudharau kitabu chepesi, na pia siku mtakapotaka kukwepa kizito.

MAISHA YAKIWA MAZITO

Sasa nizungumze na wewe uliye katika msiba, au unayeuguza, au uliyejifungua juzi na usiku hulali. Pengine umeletewa kitabu kinene juu ya mateso ya mwenye haki, na unajiona huna imani kwa kuwa huwezi kukisoma.

Mama, fungua Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Elia alikuwa amechoka hata kuomba kufa. Alilala chini ya mretemu. Malaika alipokuja hakuanza na mafundisho. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Ndipo akasafiri hadi Horebu kusikia mazito aliyotaka Mungu kumwambia. Rafiki za Ayubu nao walifanya vema kwa siku 7 walipokaa naye kimya. Walianza kukosea walipofungua vinywa na mafundisho yao.

Siku zikiwa nzito, kitabu na kiwe chepesi. Zaburi moja fupi. Hadithi ya kukuchekesha kidogo. Kisa cha mtu aliyepita ulipopita. Si dhambi kucheka katika mwezi wa machozi. Vizito vitakungoja, wala havina mdomo wa kukulaumu.

Lakini kinyume chake pia ni kweli. Nyumba ikiwa na amani, watoto wazima, chakula kipo, huo ndio wakati wa kula chakula kigumu anachokitaja mwandishi wa Waebrania mwishoni mwa sura ya 5. Usipokula wakati huo, utakula lini? Siku moja mwanao wa kidato cha tatu atarudi na swali: kama Mungu ni mwema, kwa nini rafiki yangu amekufa? Mama asiyesoma lolote zito hujibu, nyamaza, usikufuru. Mtoto atanyamaza kweli, lakini swali litahamia kwa mtu mwingine, na huwezi kuchagua ni nani. Au atabisha hodi mhubiri mwenye maneno matamu akitaka fedha zako za akiba kwa ajili ya muujiza. Petro anatuagiza katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu. Utayari huo hauji siku ya swali. Huwekwa akiba ukurasa kwa ukurasa, miaka kabla.

WEPESI SI UCHAFU

Nikisema soma vyepesi sikuruhusu kila takataka. Kipimo ni kile cha Wafilipi 4:8. Kuna kipimo kingine cha nyumbani, rahisi. Ukifunga hadithi, mtazame mume wako anayekoroma pale kwenye kochi na soksi zake. Kama kitabu kimekufanya ucheke na kumfunika shuka, kilikuwa kizuri. Kama kila ukimaliza sehemu unamwona si kitu kwa kuwa hafanani na yule kijana wa hadithini mwenye gari na maneno matamu, jua kwamba unalishwa sumu kwa kijiko kidogo. Yule wa hadithini hajawahi kulipa ada ya shule.

Vizito navyo vipimwe. Si kila kitabu chenye aya nyingi za Biblia ni cha kweli. Kinachokujaza hofu ya majirani na wakwe, au kinachokuahidi utajiri ukitoa fedha, kifunge hata kama kimeandikwa na mtu mwenye cheo.

TUFANYEJE?

Haya ndiyo ninayoshauri, akina mama. Yajaribu kwa miezi mitatu.

1. Uwe na vitabu viwili tu vilivyofunguliwa, kimoja kizito na kimoja chepesi, mbali na Biblia. Vikizidi viwili, methali ya mshika mawili itakushika kweli.

2. Kizito kipe saa ya kichwa chepesi. Kwa mama mmoja ni alfajiri kabla watoto hawajaamka, kwa mwingine ni saa nane mchana nyumba ikiwa kimya. Soma kurasa 5 tu, ukiwa na penseli. Kurasa 5 kwa siku 6 za wiki ni 30, na kitabu cha kurasa 240 utakimaliza kwa wiki 8. Kwa mwaka ni vitabu vizito 6. Wachungaji wangapi wanafikisha hivyo?

3. Chepesi kiwe cha kwenye foleni ya kliniki, safarini ndani ya basi na kitandani usiku. Ukisinzia kikakuangukia usoni hakuna hasara.

4. Biblia nayo ipange hivyo hivyo. Ina sura 1,189, kwa hiyo sura 3 au 4 kwa siku zinaitimiza kwa mwaka. Ukiwa katika Mambo ya Walawi, weka na Zaburi au Injili pembeni.

5. Kama fedha ni shida, tumieni umoja wenu wa wanawake. Akina mama 6, kila mmoja anunue kitabu kimoja, vitatu vizito na vitatu vyepesi, mbadilishane kila mwezi. Baada ya miezi 6 kila mmoja amesoma 6 kwa bei ya kimoja. Na aliye karibu na maktaba aitumie.

6. Chepesi kikikukolea, wasomee watoto ukurasa mmoja kwa sauti. Kizito kikikugusa, mweleze mumeo jambo moja tu wakati wa chai. Usimhubirie. Mwambie tu, leo nimesoma hivi, wewe unaonaje? Huenda akakushangaza.

Paulo alipokuwa gerezani karibu na mwisho wa maisha yake, alimwomba Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake. Baridi ilikuwa inakuja, naye alijua mwili unahitaji kufunikwa na akili inahitaji kulishwa. Kama mtume huyo alihitaji vyote viwili, mama wa nyumba asione haya kuvihitaji.

Basi usiku wa leo, kishushe kile kitabu juu ya kabati. Kifute vumbi. Weka na kile cha kukuchekesha kando yake. Anza na kurasa 5.

Mungu azibariki nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.